Nyumba Zilizofundishwa Adabu

Katika nchi moja, ambayo jina lake halitatajwa kwa sababu wakati huo lilikuwa limepelekwa kupakwa rangi kwa ajili ya sherehe, ziwa lilianza kupanda. Lilipanda taratibu, kama mtu anayejisogeza kwenye benchi la mwenzake, mpaka wakazi wa Itandula wakaamka wakakuta samaki kwenye mashamba ya mihogo na mihogo kwenye nyavu.

Serikali haikulala. Ilituma maofisa kwenda kulionya ziwa. Maofisa walisimama ufukweni wakalisomea mipaka yake, kama ilivyochorwa kwenye ramani ya taifa. Ziwa lilisikiliza mpaka mwisho, kisha likawalowesha viatu. Ndipo shauri zima likakabidhiwa Wizara ya Maji, Nchi Kavu na Yaliyo Katikati.

Miongoni mwa wakazi wa Itandula alikuwamo Bi Kalunde, msusi wa vikapu, mwanamke asiyependa kumhukumu yeyote kabla ya kusikia upande wake. Maji yalipoingia jikoni alisema pengine yanapita tu. Yalipofika kitandani alimwamsha mumewe, Mzee Shilinde, akamwambia asogee.

"Nisogee wapi?" Shilinde akauliza. "Upande wa pili kuna kambale."

"Basi msalimie. Huenda naye amehamishwa."

Hawakukaa sana na kambale yule. Waziri mwenyewe alikuja, Mheshimiwa Daktari Injinia Fabiani Mtukula, ambaye vyeo vyake vilitangulia kwa gari la kwanza na yeye akafuata kwa la pili. Alipanda jukwaani, na jukwaa likaelea kidogo.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Kwingineko duniani, hali ya hewa ikiharibika, watu huhama na kuziacha nyumba zao. Aibu iliyoje! Katika nchi hii hakuna mwananchi atakayehama. Nyumba ndiyo itakayohama, na mwananchi atakuwa ameketi ndani yake, amekunja nne, anakunywa chai!"

Watu wakapiga makofi, ingawa wengine walikuwa wakiogelea na iliwabidi wapige kwa mkono mmoja.

Kisha nyumba zikatokea juu ya mwinuko. Kila nyumba ilikuwa na miguu sita kama mende, kuta za bati, paa la kunasa umeme wa jua, na mbele, juu ya mlango, pua. Pua ile ndiyo iliyokuwa fahari ya wizara. Ilinusa hali ya hewa. Ilijua palipo na kivuli, udongo mzuri na maji yasiyo na kiburi, na huko ndiko ilikoielekeza miguu. Mwenye nyumba hakuwa na usukani wala breki, kwa kuwa uchunguzi wa kitaalamu ulionyesha kwamba mhamiaji akiachiwa kuchagua huchanganyikiwa.

Jambo moja tu waziri hakulitilia maanani. Fundi mkuu wa nyumba zile, Injinia Rehani, alilelewa na bibi yake, na bibi yake alikuwa mkali. Kwa hiyo Rehani alizifundisha nyumba adabu. Nyumba haikuweza kukaa kwenye ardhi ya watu bila kubisha hodi. Ilibisha mara tatu, ikangoja. Isipojibiwa, iliendelea na safari yake bila kinyongo. Ikijibiwa "Karibu", ilikunja miguu na kukaa, na kwa mujibu wa sheria pale ilipokaa pakawa pake. Waziri alikipitisha kifungu hicho kwa sababu alidhani ni pambo la lugha.

*

Nyumba ya kwanza ilibisha hodi kwa mama muuza chakula katika mji wa pili kutoka ziwani. Mama yule, mikono ikiwa ndani ya unga, alijibu bila hata kuinua macho, "Karibu! Kuna wali na maharage." Alipogeuka, alikuta amepata jirani mahali palipokuwa na meza zake.

Habari zikaenea. Wenye mashamba wakaingiwa na hofu, na wenye mashamba makubwa wakaingia bungeni. Ikapitishwa Sheria ya Matumizi Bora ya Ukarimu, iliyokataza mtu yeyote kutamka neno "karibu" mahali ambapo nyumba inaweza kusikia. Na kwa kuwa hakuna aliyejua masikio ya nyumba yanafika wapi, neno lenyewe likakoma nchi nzima. Wenye maduka wakajifunza kuwaambia wateja "Umefika." Hotelini walisema "Usiondoke kwanza." Pale uwanja wa ndege bango kubwa la kuwapokea wageni liling'olewa, likawekwa jingine lililosema: MMEONEKANA. Watu waliokuwa wakila walipoona mtu anapita, waligeukia ukutani na sahani zao, maana mtu aliyelelewa vizuri akiwa na tonge mkononi na macho yakakutana na ya mpita njia, mdomo hujiendea wenyewe.

Kikaundwa pia Kikosi cha Kudhibiti Ukarimu. Askari wake walivaa kofia za njano na kusimama kwenye malango ya wenye nafasi, tayari kumziba mdomo yeyote atakayeteleza.

Bi Kalunde hakujua lolote kati ya hayo. Aliketi kibarazani pa nyumba yake inayotembea, akisuka kikapu, na kila waliposimama mbele ya lango alijiweka sawa na kufunga kitenge upya.

"Hodi!" nyumba iliita kwa sauti ya mzee mstaarabu. "Hodi! Hodi jamani!"

Pazia likatikisika dirishani.

"Labda wamelala," akasema Bi Kalunde. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nyumba iliyokuwa nyuma yao ilikuwa ya Siwema, mwanamke wa Itandula aliyekuwa na mdomo wa kutosha nyumba zote mbili.

"Wamelala na jiko linawaka, Bi Kalunde? Wewe siku ukichinjwa utasema kisu kilikuwa kinapita tu!"

"Sijui hali yao, Siwema. Huenda wana mgonjwa."

"Wanao. Ugonjwa wenyewe ni sisi."

*

Hadi hapo safari ilikuwa ya kuvumilika. Mambo yaliharibika kwenye mji mdogo wa njia panda, pale nyumba iliposimama mbele ya shule kubisha hodi, na Mzee Shilinde akaona kibanda cha kinyozi ng'ambo ya barabara.

"Natoa hizi nywele mara moja," akasema. "Shule ina watu wengi, watachelewa kujibu."

Watu wa shule hawakuchelewa. Mwalimu mkuu alikuwa ameshawafundisha wanafunzi kubana pumzi. Nyumba ilibisha, ikangoja, ikaondoka. Shilinde alitoka mbio akiwa na shuka la kinyozi shingoni na kichwa kilichonyolewa upande mmoja, lakini goti lake la kulia lilikuwa na matatizo ya miaka mingi, na nyumba haikuwa na goti la kuuma hata moja kati ya sita.

"Isimamishe!" alipaza sauti kwenye simu.

"Nimeiambia," akajibu Bi Kalunde. "Ina adabu, lakini si sikivu."

"Iambie ina mwenyewe huku nyuma!"

Siwema alichungulia dirishani kwake akamwona shemeji yake akichechemea kwa mbali, shuka likipepea.

"Shemeji!" akapaza sauti. "Wenzako huachwa na mke tu! Wewe umeachwa na mke na nyumba yake!"

"Siwema, nikikufikia!"

"Kwa goti hilo? Utanikuta nina wajukuu!"

Bi Kalunde hakucheka. Alikuwa ameishi na Shilinde tangu ziwa likiwa na adabu zake, na hakuwahi kula chakula cha jioni bila kulalamikiwa na yeye kuhusu chumvi. Akapiga simu kwenye Dawati la Msaada kwa Wahamiaji wa Hali ya Hewa. Ilipokea sauti ya mashine, laini kama mafuta ya nazi.

"Ukitaka kuripoti mafuriko, bonyeza moja. Ukiwa ndani ya mafuriko, bonyeza mbili kwa kidole kikavu. Ukitaka kuishukuru serikali, kaa kwenye laini."

Alikaa kwenye laini, kwa kuwa ndiyo njia pekee iliyompeleka kwa mtu. Kijana mmoja akampokea kwa upole.

"Mume wangu ameachwa na nyumba," akasema. "Naomba isimame kidogo tu, afike."

"Pole sana, mama. Sasa huyo mzee, ni hali ya hewa iliyomfukuza?"

"Ilitufukuza wote. Ila sasa nyumba imemwacha."

"Basi kesi yake imebadilika. Wewe ni mhamiaji wa hali ya hewa. Yeye kwa sasa ni mhamiaji wa nyumba. Hatuna fungu la wahamiaji wa nyumba."

"Kama nikishuka nikamngoja?"

"Unaweza kabisa, mama, uko huru. Ila nyumba ikiwa tupu hujirudisha kwenye anwani yake ya kwanza."

"Anwani yake ya kwanza iko chini ya ziwa."

"Ndiyo," kijana akasema. "Tunazo nyingi huko. Eneo linakua."

Bi Kalunde akashukuru na kukata simu. Aliona kijana yule hana kosa, pengine naye yuko ndani ya kitu kinachotembea. Lakini tangu saa hiyo alikuwa na haja moja tu. Hakutaka tena kivuli wala udongo mzuri. Alitaka mtu mmoja, popote pale, aseme neno lile moja, nyumba ikae, mumewe afike.

*

Nyumba ziliendelea kunusa. Zilipita mashamba ya mkonge yenye vumbi zikapiga chafya. Zilipita mji wa viwanda zikaharakisha. Kisha pua zote zikageukia upande mmoja kwa pamoja, kama kuku waliosikia mahindi yakimwagwa, na zikashika njia ya kwenda Kilima cha Waheshimiwa.

Lilikuwa jambo la kutarajiwa. Katika nchi ile yote, hapakuwa na mahali penye upepo mwanana, chemchemi isiyokauka na miti isiyokatwa, ila pale walipokaa waliokuwa na madaraka ya kukata miti.

Kikao cha dharura kilifanyika. Mheshimiwa Mtukula alikuwa na wazo: kama nyumba zinafuata hali nzuri ya hewa, basi hali ya hewa ya kilima iharibiwe kwa muda, kwa njia za kitaalamu. Yakaletwa majiko makubwa ya mkaa yakapangwa kando ya bustani. Yakaletwa malori ya mchanga ukamwagwa juu ya majani. Waheshimiwa waliketi ndani ya makoti yao wakitokwa jasho, wakiambiana kwa fahari kwamba sasa wanaelewa kwa undani mateso ya wananchi. Mmoja alizimia, akapewa nishani.

Pua hazikudanganyika. Zilinusa maji chini ya mchanga.

Nyumba ya Bi Kalunde ndiyo iliyotangulia. Ilifika kwenye lango la Mheshimiwa Mtukula mwenyewe, na kwa kuwa walinzi walikuwa wameweka mikono yote miwili midomoni, hakuna aliyebaki na mkono wa kufunga lango. Nyumba ikaingia hadi bustanini, ikasafisha koo.

"Hodi!"

Waziri alikuwa kwenye veranda. Naye alikuwa na mama aliyemlea, na alihisi neno likipanda kifuani. Akajisokomeza kitambaa cha mkononi mdomoni.

"Hodi!"

Bi Kalunde alimwona, akamwinamia kwa heshima. Aliona mtu huyu lazima anaumwa jino.

"Hodi jamani!"

"Karibu!" ikaitika sauti kutoka ndani. "Karibuni! Ni nani huyo anayebisha na hapokelewi?"

Alikuwa Bibi Teodora, mama mzazi wa waziri, aliyeletwa kilimani kutoka kijijini. Kule juu watu walibonyeza kengele getini na kuulizwa wanatokea ofisi gani, na bibi wa watu hakuwa amesikia hodi ya kweli tangu aletwe. Alitoka akiburuza kandambili, akikaza kilemba.

Nyumba ikakunja miguu yake sita, ikakaa juu ya maua ya waridi.

"Mama!" waziri alitoa kitambaa. "Mama, umefanya nini?"

"Mimi? Wewe umefanya nini? Mtu anabisha hodi mara tatu na wewe umesimama na kitambaa mdomoni kama mbuzi aliyekula nguo! Ndivyo nilivyokulea?" Akamgeukia Bi Kalunde. "Shuka mwanangu, shuka. Mna muda njiani?"

Bi Kalunde hakushuka. Alikuwa akipiga simu.

"Shilinde! Imekaa! Kuna mtu amejibu! Uko wapi?"

"Naliona daraja la chini ya kilima kwa mbali," sauti ikaja ikihema. "Usiiguse! Usipumue! Naja!"

*

Lakini Mheshimiwa Mtukula hakuwa mtu wa kushindwa na kitu alichokizindua mwenyewe. Alimwita Injinia Rehani.

"Nataka iondoke. Bonyeza panapobonyezwa."

"Hakuna panapobonyezwa, Mheshimiwa. Ni nyumba yenye adabu. Mgeni wa namna hiyo haondoki kwa kufukuzwa. Anaagwa, na mwenyeji anamsindikiza."

"Kumbe ni hilo tu?" Waziri akajiweka sawa tai, akaisogelea nyumba mbele ya waandishi wa habari. "Kwa niaba ya serikali, na kwa moyo mzito, nasema kwaheri. Nitakusindikiza."

Nyumba ikanyanyuka. Bi Kalunde akashika nguzo ya kibaraza. "Mheshimiwa, nakuomba! Mume wangu yuko hapo chini tu, goti linamsumbua!"

"Mama, taratibu ni taratibu," waziri akasema, akaanza kuteremka kilima kando ya nyumba.

Walifika darajani. Waziri akapunga mkono, akageuka kurudi. Nyumba nayo ikageuka.

"Umetembea mbali kwa ajili yangu," nyumba ikasema kwa sauti yake ya kistaarabu. "Siwezi kukuacha urudi peke yako. Ngoja nami nikusindikize."

Wakapanda hadi bustanini. Waziri, akifuta jasho, akasema kwaheri tena. Nyumba ikashukuru ikanyanyuka, naye ikambidi amsindikize mgeni wake, na kule darajani mgeni akakataa katakata kumwacha mwenyeji wake arudi peke yake. Injinia Rehani, alipoulizwa na waandishi jambo lile litaisha lini, alisema bibi yake na shoga yake waliwahi kusindikizana hivyo mpaka msimu wa mavuno. Taarifa ya habari ya mchana ilitangaza kwamba waziri ameanza ziara ya kikazi ya kutembelea nyumba, akiwa pamoja nayo.

Lakini nyumba inaposindikizana na mtu hutembea kwa mwendo wa mtu, na mwendo wa Mheshimiwa Mtukula, kwa tumbo alilokuwa nalo, ulikuwa wa taratibu mno. Ulikuwa mwendo ambao hata goti bovu linaweza kuufuata. Walipogeuka darajani kwa mara nyingine, Bi Kalunde alichungulia akamwona Shilinde kando ya barabara, shuka bado liko shingoni. Shilinde akajikokota, akachechemea, akaja sambamba na mlango wake.

"Panda!" akasema Bi Kalunde. "Nipe mkono!"

"Nipande kama mwizi? Ngazi ziko juu, na kitu kinatembea. Kiache kifike."

"Hujabadilika, Shilinde."

"Nibadilike nini? Umekula?"

"Nimekula."

"Chumvi?"

"Nimesahau kuweka."

"Nilijua," akasema Shilinde, na akaongeza mwendo.

Waliingia bustanini wote watatu, nyumba na waziri na Shilinde. Waziri alikuwa mwekundu kama nyanya, akivuta pumzi ya kusema kwaheri nyingine. Shilinde akamuwahi. Akasimama mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, akavua shuka la kinyozi, akasema kwa sauti kubwa, "Hodi!"

Nyumba ilishtuka. Katika maisha yake yote ilikuwa imebisha, haikuwahi kubishiwa.

Askari wa Kikosi akakimbilia kibarazani. "Mama, neno hilo usilitamke! Sheria imekataza nyumba kuambiwa!"

"Limekatazwa kuambiwa nyumba," akasema Bi Kalunde. "Mimi namwambia mume wangu." Na kwa mara ya kwanza tangu Itandula, akalisema kwa nguvu zake zote: "Karibu! Karibu ndani!"

Hakuna nyumba yenye adabu inayopokea mgeni huku inatembea. Ikakunja miguu, ikakaa. Shilinde akapanda, akaingia, akaketi kwenye kiti chake kama aliyekwenda dukani na kurudi. Bi Kalunde akaweka sufuria mezani. Kisha akamwona waziri amesimama nje, ameegemea ukuta, mdomo wazi, hawezi kwenda mbele wala nyuma.

"Na wewe, Mheshimiwa," akasema. "Karibu chakula."

Tangu asaini ile sheria, hakuna aliyekuwa amemwambia Fabiani Mtukula neno lile. Alikuwa amekula peke yake kwenye meza ndefu, watumishi wamegeukia ukutani. Akatazama huku na huku, akapanda ngazi, akanawa mikono. Alikula ugali na dagaa, hakusema kitu kuhusu maendeleo. Shilinde alilalamika kuhusu chumvi, na waziri, mdomo ukiwa umejaa, akamuunga mkono.

Aliposhiba alisimama akashukuru, akasema basi, anaomba kurudi kwake. Kwake palikuwa ng'ambo ya bustani.

"Haya," Shilinde akasema, akijinyanyua kwa goti lake. "Ngoja tukusindikize."

Chini ya sakafu miguu sita ikaanza kunyooka.

"Hapana!" Waziri aliruka ngazi zote. "Msinisindikize! Kaeni! Nawaomba, kaeni hapo hapo mlipo!"

Injinia Rehani, aliyekuwa chini ya mti na waandishi, alivua kofia yake. Bibi yake alimfundisha kwamba mwenye ardhi akikuomba kwa moyo wake wote ukae, kumbishia ni kumvunjia heshima. Miguu ya nyumba ikarudi chini, ikapita mchanga, ikapita majani, ikazama ardhini mpaka mapajani na kutulia.

Waziri akashika njia ya kwake, akivuka bustani mbio mbio, na kila hatua chache akigeuka kuhakikisha hakuna anayemfuata. Kwa hiyo hakumwona mama yake akiliendea lango, akikaza kilemba, ambako nyumba ya Siwema ndiyo kwanza ilikuwa inasafisha koo.